Alisema 'amenikaba', mimi nikatafsiri 'wamegombana'

Na Mwandishi Maalumu, Nyanza-Lac

MWAKA 2011, katika kibaraza cha nyumba moja upande wa Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, mwanamke mmoja alisimama mbele ya wazee saba akasema neno moja la Kiswahili: "Amenikaba." Wazee wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa mkalimani. Nikawaambia kwa Kirundi, "Baratonganye." Maana yake, wamegombana.

Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja wao akacheka kidogo, akasema hakuna nyumba isiyo na vyombo vinavyogongana. Shauri likaisha kabla jua halijafika utosini, na mwanamke yule akarudishwa kwa mumewe.

Ndugu msomaji, makala haya nayaandika kwa sababu ya neno hilo moja. Sikulitafsiri vibaya kwa kutojua lugha. Nililijua neno la Kirundi la kukaba. Nililiacha makusudi, kwa kuwa niliona ni zito mno kulitamka mbele ya wazee, na mume wa mwanamke yule ameketi pale akinitazama.

Kwa wasiotufahamu, sisi ni watu wa 1972. Mwaka huo wazazi wetu walivuka kuingia Tanzania wakikimbia mauaji, wakapelekwa kuishi katika makazi matatu, yaani Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mimi nilizaliwa Mishamo mwaka 1979, nikasoma hukohuko Tanzania hadi nikawa mwalimu. Ulipofika mwaka 2007 ikaamuliwa kwamba makazi hayo yafungwe, na kila familia ikaulizwa inataka nini: uraia wa Tanzania au kurudi Burundi. Watu zaidi ya 160,000 waliomba uraia na zaidi ya 50,000 wakachagua kurudi. Mimi nilirudi mwaka 2009.

Kirundi nilikuwa nacho kwa sababu baba yangu alikataza Kiswahili ndani ya nyumba. Wengi wa rika langu hawakuwa na bahati hiyo. Walifika nchini mwao wakiwa hawawezi hata kuuliza bei ya ndizi, na wenyeji wakawa wanawaita Watanzania. Basi kila lilipotokea shauri la hao "Watanzania" pale kolini kwetu, wazee walinitumia mtoto: mwambie mwalimu aje. Hakuna aliyenilipa. Nilijiona nasaidia.

Mwanamke ninayemsimulia alizaliwa Katumba. Jina lake si langu kulitoa. Alikuwa mchuuzi wa mpakani, akipita Mugina na Manyovu hadi soko la Mwanga mjini Kigoma kufuata vitenge na mabeseni, kisha akirudi kuuza Mabanda na Nyanza-Lac. Alikuwa na watoto wanne. Mumewe naye alikuwa mrejeaji, mtu mpole barabarani, mwenye kusalimia kila mtu kwa mikono miwili.

Mara ya kwanza alifika kwa wazee mwaka 2010, akiwa na jicho lililovimba. Mume akakiri, akaomba radhi, akatozwa faini ya kreti moja ya bia. Nikaandika hati ya mapatano kwa mkono wangu, wote wakatia dole gumba. Bia ikanywewa palepale. Mimi nilikunywa Fanta. Miaka miwili baadaye ndipo nilipokuja kujua kwamba bia ile na Fanta yangu vilinunuliwa kwa fedha za mwanamke mwenyewe, zilizotolewa katika mtaji wake wa vitenge.

Mara ya pili ndiyo hiyo ya 2011. Safari hii hakuwa na uvimbe wala damu. Alikuwa na sauti iliyokwaruza kama ya mtu mwenye mafua, na ndani ya jicho moja palikuwa na vidoa vyekundu. Wazee walitafuta jeraha, hawakuliona. Nami nikawapa neno lililolingana na walichokuwa wakikiona.

Mara ya tatu, mwaka 2012, hakufika kwa wazee. Alifikishwa hospitali juu ya baiskeli, hajitambui.

Hasira haichagui siku ya soko

Kwa muda mrefu niliamini, kama wengi wetu tunavyoamini, kwamba mwanaume anampiga mkewe kwa kuwa hasira zimemshinda, au pombe, au umaskini, au machungu ya ukimbizi. Mambo hayo yapo na yanachochea. Lakini ukiyatazama maisha ya nyumba ile kwa utulivu, utaona hayakuwa mambo ya mtu aliyeshindwa kujizuia.

Mume yule aliwahi kudhulumiwa kipande cha shamba na jirani. Hakumpiga jirani. Aliwahi kutukanwa na dereva wa teksi mbele ya watu, naye akanyamaza. Aliyempiga ni mmoja tu, na alimpigia ndani, mahali ambapo kitenge kinafunika. Tena, kama mwanamke mwenyewe alivyokuja kunieleza, kipigo kilikuja zaidi usiku wa kuamkia safari ya Kigoma. Hasira inayojua kalenda ya soko si hasira tena. Ule ulikuwa mpango wa kumzuia asisafiri, asiwe na fedha zake, asikutane na watu wake.

Na kipigo kilikuwa sehemu moja tu ya mpango huo. Karangamuntu yake, yaani kitambulisho cha uraia, ilikaa mfukoni mwa mume, na bila hiyo kuvuka mpaka ni kubahatisha. Alipotoka sokoni alihesabiwa fedha hadi sarafu ya mwisho. Simu yake ilipekuliwa, na jina lolote la mwanaume, hata la mteja wa mabeseni, lilikuwa kesi ya usiku mzima. Aliambiwa mbele ya watoto kwamba hajui Kirundi, kwamba ni mjinga wa Katumba, kwamba akiondoka hakuna atakayempokea. Kulala naye bila ridhaa yake ilikuwa "haki ya ndoa". Mambo yote haya, hata yale yasiyoacha alama mwilini, wataalamu wanayahesabu kuwa ni ukatili wa nyumbani. Shabaha yake ni moja, kumtawala mtu kwa kumtia hofu.

Kisha kuna radhi. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Lenore Walker, aliandika juu ya mzunguko aliouona kwa wanawake wengi waliopigwa: kwanza hali inakuwa nzito nyumbani, mke anatembea kwa kunyata, halafu unakuja mlipuko, halafu zinakuja siku za majuto, zawadi na ahadi. Si kila nyumba inafuata mzunguko huo, lakini ile niliyoifahamu mimi iliufuata kama saa. Nasi wazee na wakalimani tulikuwa tunaitwa katika siku za majuto. Tulimkuta mume analia kweli, tukaandika hati, tukaondoka tumeridhika.

Nisieleweke vibaya. Wapo wanaume wanaopigwa na kudhalilishwa na wake zao, wananyamaza kwa aibu, na msaada ni haki yao vilevile. Lakini walio wengi kwa mbali ni wanawake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watatu duniani amewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili wa ngono, mara nyingi na mume au mwenzi wake.

Koo lisilo na alama

Nilichojifunza kwa kuchelewa ni hiki. Kukabwa koo ni tofauti na kofi. Mtu aliyekabwa anaweza kukosa alama yoyote ya nje, au alama ikaonekana siku ya pili. Dalili ni sauti kukwaruza, kumeza kwa shida, maumivu ya shingo, vidoa vyekundu machoni, kizunguzungu, kusahau kilichotokea, wakati mwingine kujikojolea. Mishipa ya shingo ikiumia, mtu anaweza kuzidiwa au kufa saa nyingi baadaye, hata baada ya siku, wakati majirani wameshasema amepona. Kwa hiyo aliyekabwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama anatembea mwenyewe.

Jambo la pili ni kwamba kukabwa kunatabiri yajayo. Utafiti uliofanywa Marekani na Nancy Glass na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake alikuwa katika hatari ya kuja kuuawa na mwenzi huyo zaidi ya mara saba kuliko asiyewahi kukabwa. Nilipousoma utafiti huo nilikaa na karatasi mkononi hadi chai ikapoa. Mwanamke yule alikuwa amekuja kutuambia kwamba yuko karibu kufa, sisi tukazungumza naye habari za vyombo vinavyogongana.

Dalili nyingine za hatari kubwa ni vitisho vya kuua, panga au silaha kuwekwa karibu na kitanda, kupigwa wakati wa ujauzito, vipigo kuongezeka, wivu wa kumfuatilia mke kila aendako, na mume anayesema akiachwa atajiua. Ukisikia mojawapo, usiitishe kikao cha usuluhishi. Mtafutie mhusika mahali salama kwanza.

"Arudi kwao" ni wapi?

Watu huuliza kwa nini hakuondoka. Mimi mwenyewe nilimuuliza, tena wodini, swali ambalo sasa naliona la kijinga. Alinijibu, "Mwalimu, niende wapi? Kwetu wamebaki Watanzania."

Ndivyo ilivyokuwa. Wazazi na kaka zake walichagua uraia, wakabaki Katumba. Yeye alirudi Burundi kwa kuwa mume alichagua kurudi. Katika desturi ya hapa, mwanamke anayekosana na mumewe hukimbilia kwa baba au kaka, na kipande cha ardhi huko kwao ndicho kinachompa nguvu ya kuzungumza. Mrejeaji mwanamke mara nyingi hana hata kimoja. Ardhi iliyopatikana baada ya miaka ya mabishano na waliokuwa wanaikalia ni ya ukoo wa mume. Ndoa yenyewe ilifungwa makazini bila cheti cha serikali, hivyo akitoka anaambiwa hakuwa mke. Lugha ya ofisi haijui. Na jirani wa kweli yuko ng'ambo ya mpaka.

Ongeza hapo msemo unaosikika katika nyumba nyingi za nchi zetu hizi, "ni ko zubakwa", ndivyo nyumba zinavyojengwa. Bibi anamwambia mama, mama anamwambia binti. Nami kama mwalimu nimewasikia wasichana wa miaka 13 wakiambiana hivyo uwanjani. Sijui kitu kinachonikera kuzidi hicho.

Kuna sababu nyingine ambayo sisi wanaume hatuitaji. Kuondoka kwenyewe ni hatari. Mtu anayetaka kutawala, akiona utawala unamponyoka, ndipo anapokuwa mbaya zaidi. Wanawake wengi wanauawa wakati wa kuondoka au muda mfupi baadaye. Kwa hiyo anayebaki si lazima awe mjinga. Huenda anaijua hatari yake vizuri kuliko sisi tunaomshauri aondoke kesho.

Mlango wa kwanza ni hospitali

Tukija kwenye msaada, nitasema yale niliyoyaona yakifanya kazi pande hizi mbili za mpaka.

Hospitali iwe ya kwanza, kabla ya kikao chochote. Kama kulikuwa na ubakaji, hata wa mume, saa zina maana kubwa: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, za kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku tano. Mwanamke asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kupimwa, kama anaweza kuvumilia. Amweleze mganga kwa maneno yaliyo wazi: nimepigwa, nimekabwa, nimelazimishwa, na aliyefanya ni fulani. Akisema "nilianguka", ndivyo itakavyoandikwa, na karatasi hiyo itamsumbua mahakamani.

Kwa upande wa Burundi, kituo cha Seruka mjini Bujumbura, kilichoanzishwa mwaka 2003 na Madaktari Wasio na Mipaka na baadaye kikaendelea chini ya Warundi wenyewe, kinajulikana zaidi kwa kuwapokea waliobakwa. Gitega kuna kituo cha Humura, kilichofunguliwa mwaka 2012, ambako mhanga anakutana na mganga, mshauri, polisi na mwanasheria mahali pamoja, badala ya kurudia kisa chake katika ofisi nne. Usiyeweza kufika mbali, ingia hospitali iliyo karibu nawe uulize nani anashughulikia wahanga wa ukatili, au nenda katika kituo cha maendeleo ya familia na jamii, wengi wanakiita CDFC. Huko hawatoi hukumu, ila wanamwelekeza mtu na wakati mwingine wanamsindikiza, na kusindikizwa si kitu kidogo kwa mtu asiyejua lugha ya ofisi. Sheria nayo ipo. Mwaka 2009 kanuni ya adhabu ilirekebishwa, na tarehe 22 Septemba 2016 ikatoka sheria namba 1/13 inayohusu hasa kuzuia ukatili wa kijinsia, kuwalinda wahanga na kuwaadhibu wahusika. Anayekuambia kwamba kumpiga mke ni mambo ya ndani yasiyo na sheria, hajui anachosema.

Kwa upande wa Tanzania, ambako wachuuzi wetu wengi wanalala siku mbili tatu kwa wiki, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, hata kama mila inasema vingine. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 160, inawachukulia waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika kama mume na mke kuwa ni wanandoa, mpaka ithibitishwe vingine. Jambo hilo ni la maana sana kwa waliooana makazini bila cheti. Katika vituo vingi vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Omba hilo kwa jina, usikubali kueleza kisa chako kaunta mbele ya watu. Polisi ndio wanaotoa fomu namba 3, maarufu kama PF3, ambayo mganga huijaza na inatumika kama ushahidi. Haiuzwi. Ukiwa na hali mbaya, tibiwa kwanza, fomu ifuate. Kwa mtoto aliye hatarini, namba 116 hupigwa bure. Wapo pia wasaidizi wa kisheria katika wilaya nyingi, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, ambao humsaidia asiye na fedha za wakili.

Wanaofanya biashara na Rwanda, ulizeni Isange. Kituo cha kwanza kilifunguliwa mwaka 2009 katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, Kigali, na baadaye huduma hiyo ikasambazwa katika hospitali za wilaya.

Karatasi katika beseni la mwenzako

Mwanamke yule hakuondoka kwa kukurupuka. Alipotoka hospitali alirudi nyumbani, jambo lililotukasirisha wengi, akakaa miezi minne. Tulidhani amesamehe. Kumbe alikuwa anajipanga.

Wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa ndio waliomwokoa, si sisi wenye elimu. Kila wiki aliacha kwa mmoja wao kitu kimoja: kadi ya kliniki ya mtoto, nakala ya cheti cha kuzaliwa, karatasi ya hospitali, nguo mbili za watoto zikiwa chini ya vitenge ndani ya beseni. Sehemu ya faida aliiweka kwa mweka hazina wa kikundi, na mume akaambiwa soko limekuwa baya. Walikubaliana neno la siri: akituma mtoto kuuliza kama bei ya sabuni imepanda, basi kuna hatari, waje watatu kwa pamoja. Walifanya hivyo mara mbili. Mume anapoona wanawake watatu wameketi barazani wanasubiri chai, hawezi kuanza.

Kwa wachuuzi wanaosoma gazeti hili, nadhani hapo ndipo mahali pa kujifunza. Kikundi kinachoaminiana kwa fedha kinaweza kuaminiana kwa karatasi na kwa watoto. Msimwambie mwenzenu "vumilia", wala msimwambie "ondoka leo". Mwulizeni: usiku huu utakuwa salama? Watoto je? Unataka tukusaidie nini? Halafu mnyamaze, maana siri ikitoka sokoni itafika nyumbani kabla yake. Na kama unasoma ukurasa huu nyumbani na unahisi maneno haya ni yako, usiuache wazi mezani.

Siku ya kuondoka alitoka kama anakwenda Kigoma. Hapa nitaongeza onyo lililotokana na kosa lake. Alivuka na watoto wawili bila kumwarifu kiongozi yeyote, na mume akakimbilia polisi kushitaki kwamba wameibwa. Yeye aliyekuwa mhanga akajikuta anatafutwa. Ilichukua wiki nyingi kulinyoosha. Anayevuka mpaka na watoto awe na vyeti vyao, na kabla au mara tu baada ya kuvuka aandikishe mahali fulani, polisi, hospitali au ofisi ya ustawi wa jamii, kwamba amekimbia ukatili. Tarehe katika karatasi hiyo ndiyo itakayomtetea.

Sina nia ya kuwatukana wazee. Mashauri mengi ya mipaka ya mashamba na mbuzi yasingekwisha bila wao, na wengi ni watu wa heshima. Lakini usuluhishi unahitaji watu wawili wanaoweza kusema bila hofu, na mke anayepigwa hana uhuru huo mume akiwa ameketi mita mbili kutoka kwake. Kama ni lazima wazee wamsikilize, wamsikilize peke yake, akiwa na mwanamke anayemwamini, na wamwulize waziwazi: alikushika wapi, alikuambia nini, ana silaha, umewahi kukabwa? Hati ya mapatano isiyojibu maswali hayo ni karatasi tu. Ninazo tatu za namna hiyo katika daftari langu la kurasa 96, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya Mishamo. Mbili ni za nyumba nyingine.

Neno kwa neno

Kesi ilifika mahakamani mwaka 2013. Alirudi kutoka Katumba kwa ajili hiyo, akiwa na kaka yake mkubwa. Sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii tena. Mahakama ilitaka mkalimani, naye, kwa mshangao wangu, akanitaja mimi.

Tulikutana nje, chini ya mwembe. Nilitaka kumwomba radhi, na maneno nilikuwa nimeyapanga usiku kucha. Hakunipa nafasi. Alisema, "Mwalimu, siku ile kwa wazee nilisema amenikaba. Uliwaambia nini?"

Nikamwambia ukweli.

Akanyamaza kwa muda. Kaka yake akatazama pembeni. Kisha akasema, "Leo nitasema polepole. Nikisema neno, useme hilohilo. Kama ni la aibu, aibu si yako."

Tuliingia. Hakimu akamwuliza kilichotokea usiku wa kuamkia siku ya soko mwaka 2011. Mume alikuwa upande wa kulia, amevaa shati jeupe, mikono ameikunja. Mwanamke akageuza sikio lake zima kuelekea kwangu ili asikie nitakachosema, akasema, "Amenikaba."

Nikasema, "Yaranize."

Karani akaandika.

(Mwandishi wa makala haya ni mwalimu, mrejeaji kutoka makazi ya Mishamo.)